Jino la sita: Kutoka Mbagala hadi Upanga kusaka tiba ya mfuko mdogo

Dar es Salaam. Kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Upanga hazifiki kilomita 20, lakini kwa mzazi mwenye mtoto anayelia jino, Barabara ya Kilwa ina vituo vingi kuliko vile anavyotaja kondakta. Kuna kituo cha maji ya chumvi, kituo cha karafuu, cha muuza dawa ya jino na cha vidonge vya dukani. Hospitali huja mwisho. Wengi hufika huko jino likiwa limebakiwa na tiba moja tu: koleo.

Stendi ya Rangi Tatu huamka mapema. Saa kumi na moja alfajiri mama lishe wameshabandika chai, maandazi yanatoka kwenye karai, na baada ya muda wanafunzi wa shule za msingi wanaanza kupita na sarafu mkononi. Ukizifuata sarafu hizo utajua meno ya watoto yanaharibikia wapi: ubuyu wa rangi, barafu, pipi za kijiti, kashata, juisi za unga.

Hakuna haja ya kumlaumu mzazi hapa. Chai ya sukari na andazi ndicho kifungua kinywa kinachowezekana kwa familia inayotoka nyumbani kabla ya jua. Tena, kinachooza jino zaidi ni mara ngapi sukari inaingia mdomoni kwa siku, kuliko wingi wake kwa mara moja. Andazi na chai vikiliwa mara moja, mate hupata nafasi ya kusafisha kinywa. Mtoto anayemumunya ubuyu tangu mapumziko hadi anafika nyumbani anawalisha bakteria wa kwenye ukoga muda wote huo, nao hulipa kwa kutengeneza asidi inayochimba jino.

Daladala ikishajaa, muuza dawa naye anapanda. Chupa yake ndogo hutibu jino, fangasi za miguu na mgongo, zote kwa dozi moja. Wengine huonyesha hata “mdudu” aliyetoka kwenye jino la mteja wa jana. Ndani ya jino hakuna mdudu. Lile shimo ni kazi ya asidi, na dawa inayounguza hutuliza kwa muda huku ikiacha kidonda kwenye fizi. Maji ya betri, ambayo baadhi ya watu wazima hujidondoshea wakizidiwa, ni sumu na hayapaswi kukaribia mdomo wa mtu yeyote.

Karafuu ina ukweli wake. Mafuta yake yana kitu kiitwacho eugenoli, ambacho hata madaktari wa meno hukitumia kazini. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi pia hayana ubaya. Shida ni kwamba vyote viwili vinanunua usiku mmoja wa usingizi, na usiku huo mmoja huwa wiki tatu.

Kwa wenye watoto wachanga kuna kituo kingine kibaya zaidi, cha “meno ya nailoni”, ambayo wengine huyaita ya plastiki. Mtoto anaharisha, ana homa, bibi mmoja mtaani anatazama fizi, anaona uvimbe mweupe na kusema hilo ndilo jino linalomuua. Kisha fizi inachokonolewa. Ule uvimbe ni jino la kawaida ambalo halijachomoza. Kulichokonoa huleta damu, maambukizi na huharibu hata jino la kudumu lililo chini yake, huku kuhara na homa vikibaki bila tiba. Mtoto huyo anahitaji maji ya chumvichumvi ya ORS na kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hatua chache kutoka stendi yoyote ya jiji hili kuna duka la dawa. Panadol ya maji kwa kipimo cha uzito wa mtoto inafaa kutuliza maumivu wakati safari inapangwa. Aspirini asipewe mtoto, na isiwekwe kwenye fizi, inaunguza. Ama zile rangi mbili, yaani vidonge vya amoxicillin vinavyonunuliwa vinne au sita kwa sababu hela ndiyo iliyopo, haviwezi kuziba shimo. Uvimbe unaweza kupungua, mama akashukuru, jino likaendelea kuoza kimyakimya.

Chumba cha meno

Ngazi za huduma za serikali zinajulikana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha kanda na taifa. Zahanati nyingi hazina huduma ya meno, hivyo kumpeleka huko mtoto anayeumwa jino mara nyingi ni kununua foleni ya kuambiwa uende kwingine. Huduma huanza kuonekana kwenye baadhi ya vituo vya afya na kwenye hospitali za wilaya. Huko anayekupokea mara nyingi si daktari wa meno mwenye shahada, ni tabibu wa meno, mtu aliyesomea kazi hiyo kwa ngazi ya stashahada na ambaye mkono wake umeshapita kwenye maelfu ya vinywa. Si mtu wa kudharauliwa. Kung'oa, kuziba mashimo ya kawaida na kusafisha meno ni kazi yake halali.

Mazungumzo ya chumba cha meno huwa mafupi, kwa sababu benchi la nje limejaa. Yanakwenda takriban hivi:

“Shikamoo dokta.”

“Marahaba, mama. Mtoto ana miaka mingapi?”

“Saba, dokta. Naomba mning'olee tu hilo la nyuma. Si la utoto? Litaota jingine.”

“Hapana, mama. Hili ni la ukubwani. Likitoka hili, ndiyo basi.”

Hapo ndipo nyuso za wazazi wengi hubadilika, maana jino lenyewe hawakuliona likiota. Na hawana kosa. Mtoto huota meno 20 ya utoto, na mzazi amezoea kuona jino la kudumu likija baada ya la utoto kung'oka na kurushwa juu ya bati. Lakini gego la kwanza la kudumu halisubiri jino lolote ling'oke. Huchomoza lenyewe nyuma ya meno ya utoto, mtoto akiwa na miaka sita hivi, kimya, mahali ambapo mswaki wa haraka haufiki. Lina mifereji mirefu juu yake inayonasa ubuyu na maandazi. Mwaka mmoja baadaye limetoboka, na nyumba nzima inaliita la utoto.

Kulitambua hakuhitaji fedha wala daktari. Mkalishe mtoto kwenye mwanga, afungue mdomo, uhesabu kuanzia jino la mbele kabisa la katikati kwenda nyuma upande mmoja. Moja hadi tano ni nafasi za meno ya utoto, hata kama baadhi yameshabadilika au kuna pengo. La sita ni la kudumu. Yako manne, juu na chini, kulia na kushoto, na mtoto huyo anatakiwa ayatafunie hadi ana wajukuu.

Jino la sita lina bahati mbaya nyingine, ya kisera. Kwa utaratibu wa Tanzania, watoto wa chini ya miaka mitano wamo kwenye makundi ya msamaha wa kulipia matibabu katika vituo vya umma. Gego linachomoza pale msamaha unapokwisha. Ni kama vile lilisubiri.

Kwa nini koleo linashinda

Kwa bei ya siku moja, kung'oa ndiyo tiba rahisi kuliko zote. Kuziba kunazidi kidogo. Jino likishaoza hadi kwenye neva, matibabu ya mzizi ndiyo yanayoweza kuliokoa, na hayo huhitaji picha ya eksirei, vifaa zaidi, na safari mbili au tatu. Kwa mama anayeuza samaki wa kukaanga, safari tatu ni siku tatu ambazo karai halikuwaka, pamoja na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Akipiga hesabu yake barazani, koleo linashinda, na hesabu hiyo si ya kijinga.

Ila hesabu hiyo ina sehemu iliyofichwa. Jino la kudumu likitoka utotoni, yale ya jirani yanaweza kuanza kuegemea kwenye pengo, lile lililotazamana nalo nalo linaweza kushuka au kupanda, na upande mmoja wa kutafunia unadhoofika. Kuweka la bandia ukubwani kunagharimu mara nyingi zaidi ya kuziba shimo dogo leo. Kwa hiyo unafuu wa jino unaamuliwa na tarehe mzazi anayokwenda kuliko jina la hospitali anayokwenda. Shimo linalouma sekunde chache mtoto akinywa baridi au akila kitu kitamu bado mara nyingi linazibika kwa ziara moja. Likianza kudunda lenyewe usiku bila kuguswa, neva imeguswa. Fizi ikivimba na kutoa usaha, jipu limeshaingia.

Na kuna hali ambazo hazihesabiwi kabisa: shavu limevimba kuelekea jichoni au chini ya taya, mtoto ana homa, hawezi kumeza vizuri, anashindwa kufungua mdomo au anapumua kwa shida. Huyo hasubiri asubuhi. Apelekwe hospitali yenye huduma ya dharura usiku huo huo, hata kama chumba cha meno kimefungwa, kwa sababu maambukizi ya jino yanaweza kuziba njia ya hewa.

Safari ikiendelea, daladala inapita Zakhem, Mtongani, na pale kwa Aziz Ally njia inagawanyika kuelekea Temeke, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Wakazi wa Ilala wana Amana, wa Kinondoni wana Mwananyamala. Jambo la kuuliza ukifika hospitali yoyote kati ya hizi, na hata ile ya wilaya, ni moja: “Hili jino linaweza kuzibwa kwa mkono?”

Swali hilo lina historia ya nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Mholanzi, Jo Frencken, akifanya kazi Tanzania katika mpango wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alikabiliwa na vijiji visivyo na umeme wala mashine za kukerezea meno. Njia iliyoanzia hapo ni rahisi kueleza: sehemu laini iliyooza inakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha shimo linajazwa saruji maalumu nyeupe inayogandamana na jino na kutoa madini ya floraidi taratibu. Hakuna mashine inayolia, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipigia debe mwaka 1994, na mwaka 2021 saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, viliingizwa kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Yaani njia iliyozaliwa hapa kwa ajili ya watu wasio na uwezo imezunguka dunia nzima, na mzazi wa Mbagala bado anaomba kung'olewa. Inastahili kuulizwa kwa jina lolote litakaloeleweka. Ina mipaka yake: haifai jino lililokwisha kufika kwenye neva. Lakini kwa gego la miaka saba lenye shimo changa, ndiyo tiba inayolingana na mfuko. Saruji hiyo hiyo inaweza kuziba mifereji ya jino zima kabla halijatoboka, jambo ambalo wazazi wachache hulijua na wachache zaidi huliomba.

Upanga

Baada ya Sabasaba na Uhasibu, kelele za Kariakoo zinapokea. Wengi hubadilisha gari hapo kwenda Muhimbili. Upanga ni mtaa mwingine kabisa: miti mikubwa, kuta ndefu, wanafunzi wenye makoti meupe wakinunua matunda getini. Hapa ndipo ilipo Hospitali ya Taifa Muhimbili, na jirani yake Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), chenye skuli ya meno inayowafundisha madaktari wa kinywa na meno wa nchi hii.

Kinachowashangaza wanaofika mara ya kwanza ni kwamba wanafunzi hao hujifunzia kwa wagonjwa halisi. Mwanafunzi wa miaka ya mwisho anamhudumia mgonjwa, na mwalimu wake husimama, hukagua na kuidhinisha hatua kabla nyingine haijafuata. Baadhi ya wazazi husikia neno mwanafunzi na kuondoka. Ni haki yao, ila wanasahau kwamba kinywa kinachotazamwa na watu wawili, mmoja akiwa mwalimu, hakijaonewa. Gharama yake halisi ni muda. Jino ambalo mzoefu angelimaliza kwa dakika 20 linaweza kuchukua asubuhi nzima, na mtoto mwenye njaa hataelewa somo hilo. Ulizeni mapokezi kuhusu huduma ya wanafunzi, siku zake na bei yake, kabla ya kulipia chochote.

Bei, kwa jumla, ziulizwe kabla ya kukaa kwenye kiti. Kumuona daktari ni malipo yake, picha ni malipo yake, kuziba ni malipo yake, na katika hospitali za umma kila kimoja hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye risiti. Pesa inayoombwa mkononi bila risiti haina bei halali.

Asiye nacho kabisa ana ofisi ya kwenda: ustawi wa jamii, iliyopo kwenye hospitali kubwa za serikali. Afisa wake ndiye anayepima na kupendekeza msamaha au punguzo. Barua ya serikali ya mtaa humrahisishia kazi, na ni bora kuwa nayo tangu nyumbani kuliko kurudishwa Mbagala kuifuata. Wapo wanaoona aibu kugonga mlango huo. Ofisi iliwekwa kwa ajili yao.

Bima nayo imekuwa na mizunguko inayochosha wazazi. Toto Afya Kadi ya NHIF ilianza mwaka 2016 kwa Sh50,400 kwa mtoto kwa mwaka, kisha mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mfuko wa CHF iliyoboreshwa ulikuwa ukitoza Sh30,000 kwa kaya ya hadi watu sita katika mikoa mingi, Dar es Salaam ikiwa juu ya hapo. Kwa kifurushi chochote kinachouzwa leo, mwulize anayekuandikisha swali moja kabla ya kutoa fedha: jino linazibwa, au linang'olewa tu? Jibu hilo ndilo tofauti ya kadi na kadi.

Kliniki binafsi zimejaa Kariakoo na kando ya barabara kubwa zote, na si zote za gharama ya kutisha. Daktari awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na cheti kiwe ukutani. Kama hakipo, uliza. Pia Machi 20 ya kila mwaka ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, na kuelekea siku hiyo wataalamu hufanya uchunguzi bure katika maeneo mbalimbali. Matangazo yake hupitia redio na shuleni. Usimsubirishe mtoto anayeumwa hadi Machi, lakini asiyeumwa mpeleke akahesabiwe magego yake manne.

Nyumbani, kinga ni mswaki mara mbili kwa siku na dawa yenye floraidi, kiasi kama punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu na kama njegere kwa mkubwa zaidi, kisha ateme bila kusukutua kwa maji mengi. Wazazi waliokulia Arusha au Kilimanjaro huliogopa neno floraidi kwa sababu wamewaona ndugu wenye meno ya kahawia. Madoa yale hutokana na maji ya kunywa yenye madini hayo kupita kiasi tangu mtoto mdogo. Njegere inayotemwa ni habari nyingine. Mtoto wa miaka saba bado anahitaji mkono wa mkubwa kufika kwenye lile la sita.

Kwa waliotoka kuzibiwa au kung'olewa wakiwa wamechomwa sindano, safari ya kurudi ina angalizo lake. Ganzi hukaa saa mbili, tatu. Mdomo wa mtoto unakuwa kama si wake, naye huutafuna kwa mshangao hadi midomo ikatoka damu, jambo linalowatokea wengi wakiwa ndani ya daladala wakati mama amesinzia. Aliyeng'olewa aume pamba nusu saa, asisukutue wala kutema kwa nguvu siku hiyo, na maji ya chumvi yaanze kesho yake. Na pale Mtongani, foleni ikisimama na wauza korosho na mahindi ya kuchoma wakinyanyua mikono dirishani, asinunuliwe kitu hadi atakapoweza kusema jina lake sawasawa.